Nani Yuko Ndani ya Picha?



Tuangalie matangazo katika magazeti yanayofika Bunia. Mwanaume anashika simu ao chupa ya pombe. Mama anashika sabuni, ao mafuta ya kung'arisha ngozi. Lakini hapa sokoni nani anauza unga, nani analipia watoto masomo?

Kabila ni jambo zito zaidi. Tangu enzi za Wabeligiji, Mhema anachorwa na ng'ombe, Mlendu na jembe. (Mlendu hafugi? Mhema halimi?) Vita vya 1999 hadi 2003 vilitumia mchoro huo. Wabira, Waalur, Wambuti hawaonekani ndani ya mchoro huo.

Mwenye kamera akija kambini, tumuulize picha inaenda wapi. Mama anayeongoza kamati apigwe akiongoza, si akinyoosha mkono tu.