Mbwa Mzee Anayejikuna

Leo tunazungumza nanyi wa Kambu, Kibwezi na majirani wetu wa Kitui kuhusu mbwa mzee wa nyumbani.

Mbwa akifika miaka saba au minane, mvi hutokea mdomoni, manyoya hupungua, na viwiko huota sugu kwa kulala juu ya udongo mgumu. Hayo ni ya umri. Lakini akijikuna usiku kucha, akitokwa na magamba, vidonda au harufu mbaya, huo ni ugonjwa. Usiseme, "Ni uzee tu."

Kwa nini jambo hili likuhusu? Kwa sababu upele wa mbwa humwasha pia mtoto anayemkumbatia. Mapunye nayo huambukiza. Funza hupenya nyayo za mbwa, na mayai yake huanguka kwenye vumbi ambapo watoto hucheza miguu mitupu.

Wengi wetu humpaka mbwa oili chafu ya gari. Mama, tafadhali acha. Oili huunguza ngozi, na mbwa akijilamba humeza sumu. Pia usikisie kipimo cha dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Basi tufanye nini? Kila Jumamosi, mkague masikioni, tumboni na katikati ya vidole. Kupe usimpasue kwa kucha. Mng'oe kwa kibano. Fagia anapolala, na uchome magunia yake ya zamani. Kisha mwite daktari wa mifugo. Mweleze umri wa mbwa, maana dawa hupimwa kwa uzito na hali ya mwili. Uvimbe unaokua au kidonda kisichopona kimwoneshe mapema, kwani huenda ni saratani. Mtoto anayewashwa naye apelekwe kliniki. Mkitibu mmoja tu, kuwashwa kutarudi.

Daktari akifika, ulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Mpango wa Kenya wa mwaka 2014 unalenga kukomesha vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu ifikapo 2030, na Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuchaguliwa. Mbwa mzee naye achanjwe kila mwaka. Mtoto akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.

Mbwa huyu amelinda boma lako miaka mingi. Mtunze, naye hatawaletea watoto maradhi. Hadi tukutane tena, kwaheri.