KAYAKI YA KUKUNJA: CHOMBO KIDOGO KITAKACHO UANGALIFU MKUBWA

Tarehe 20 Oktoba, mwaka 1956, daktari mmoja Mjerumani, jina lake Hannes Lindemann, aliondoka Las Palmas katika Visiwa vya Canary, akaelekea magharibi katika Bahari ya Atlantiki. Alikuwa peke yake. Chombo chake hakikuwa meli wala jahazi. Kilikuwa kayaki ya kukunja, yaani mashua nyembamba yenye mifupa ya mbao iliyovikwa turubali na mpira, ambayo mwenyewe aweza kuifungua vipande vipande na kuitia mifukoni. Urefu wake ulikuwa mita 5 na kidogo, na upana wake haukutimia mita 1. Siku ya 72, tarehe 30 Desemba, Lindemann alitua katika kisiwa cha Saint Martin, ng'ambo ya bahari. Alikuwa amekonda sana, lakini yu hai, na chombo chake hakikuvunjika.

Ni rahisi kusema kwamba hiyo ilikuwa bahati tu. Lakini bahati haitoshi kumvusha mtu bahari hiyo. Kayaki yake ilipinduka mara mbili katika dhoruba, na mara ya kwanza ilikuwa usiku, hata ikambidi kuishikilia gizani mpaka kulipopambazuka. Kilichomwokoa ni kwamba chombo kiliendelea kuelea, naye hakukiacha. Tena hakuwa mgeni wa bahari. Katika safari aliyoianza mwaka 1955 alikuwa amekwisha kuivuka Atlantiki kwa mtumbwi uliochongwa katika gogo huko Liberia. Kabla ya safari ya kayaki aliufundisha moyo wake kustahimili kukosa usingizi na kutokata tamaa. Na ubavuni mwa kayaki alifunga kafi lenye kipande cha mpira wa ndani wa gari, kama vile wavuvi wa pwani wanavyotia mrengu katika ngalawa.

Safari hiyo si ya kuigwa. Imetajwa hapa kwa sababu moja tu: inaonyesha kwamba chombo kilicho dhaifu machoni chaweza kumhifadhi mtu, ikiwa kimeungwa vizuri, kimetunzwa vizuri, na mwenyewe anajua la kufanya siku ya taabu. Likikosekana moja katika hayo matatu, hata ziwa tulivu laweza kumwua mtu karibu na nyumbani kwake.

ASILI YAKE

Kayaki ni chombo cha kale cha Wainuit, watu wa Greenland na nchi za kaskazini ya Amerika. Wao waliunda mifupa yake kwa vipande vya miti vilivyoletwa na bahari, au kwa mifupa ya wanyama, wakaivika ngozi za sili, wakaitumia kuwinda. Mwaka 1905, katika mji wa München, mwanafunzi wa usanifu wa majengo aitwaye Alfred Heurich alitengeneza kayaki ambayo mifupa yake yaweza kufunguliwa. Alitumia mianzi na kitambaa cha tanga, akaijaribu katika mto Isar. Mwaka 1907 fundi cherehani wa mji wa Rosenheim, Johannes Klepper, alinunua haki ya kuitengeneza. Wala si ajabu kwamba fundi wa nguo ndiye aliyeieneza, maana nusu ya kazi ya kayaki ya kukunja ni mshono.

Sababu ya kupendwa kwake ni nyepesi kufahamika. Mtu wa mjini asiye na banda la mashua wala gari aliweza kuchukua mifuko yake, akapanda treni mpaka milimani, akaunga chombo chake kando ya mto, na jioni akarudi nacho nyumbani.

KUIUNGA

Mtumbwi wa gogo hauna kiungo cha kusahauliwa. Lakini kayaki ya kukunja ina viungo vingi, na kila kimoja kina kazi. Kwa hiyo hapana budi kuiunga kwa utaratibu, wala si kwa haraka. Ziko namna nyingi, na kila moja ina karatasi yake ya maelezo, lakini njia ya zile za mbao kwa kawaida ni hii.

Kwanza, ichaguliwe mahali pa sawa, penye nyasi, pasipo mawe wala miiba. Vipande vyote vitolewe mifukoni, vipangwe chini, vihesabiwe. Mataruma, yaani zile mbavu za kukingama, mara nyingi hutiwa namba, na hupangwa kwa namba zao kutoka omo mpaka tezi.

Pili, ile ngozi ya turubali na mpira itandazwe, ndani yake ikung'utwe mchanga wote. Chembe moja ya mchanga kati ya ubao na mpira husugua kila mara kafi linapovutwa, na mwisho hutoboa.

Tatu, mifupa iungwe nusu mbili. Nusu ya omo huungwa mbali, na nusu ya tezi mbali, kila moja na mkuku wake, fito zake za ubavuni na mataruma yake. Kisha nusu ya omo huingizwa katika ngozi mpaka ifike ncha, na nusu ya tezi vivyo hivyo. Itazamwe kwamba mkuku umelala katikati barabara. Ukikaa upande, chombo kitavuta upande siku zote.

Nne, nusu hizo mbili ziunganishwe katikati. Zinapokutana husimama kidogo kama paa la nyumba, kisha hubonyezwa chini, na hapo ngozi hukazika. Hapa ndipo vidole hubanwa, basi mikono iwekwe juu ya ubao, isiwekwe penye kiungo. Ikiwa hazikubali kushuka, asitumie mtu nyundo wala mguu. Chombo kinachokataa kina sababu: kipande kimegeuzwa, au taruma halikukaa mahali pake. Afungue, atazame, aanze tena.

Tano, yatiwe mataruma yaliyobaki, fito za juu, viti na usukani, na kila kifungio kijaribiwe kwa mkono. Mwisho kabisa hujazwa mifuko ya hewa iliyo ndani ya mbavu za ngozi, kwa mdomo, upande huu kidogo na upande huu kidogo. Mifuko hiyo hukaza ngozi, na ndiyo inayokifanya chombo kielee hata kikijaa maji. Kwenye jua kali isijazwe mpaka ikawa ngumu, maana hewa ikipata joto hupanuka, nayo yaweza kupasua mshono.

Jambo la mwisho: mtu asiketi ndani ya kayaki ikiwa juu ya nchi kavu. Maji huichukua chini sawasawa, lakini jiwe moja chini ya mkuku huvunja ubao.

KUITUNZA

Maadui wa kayaki ya kukunja ni chumvi, mchanga, jua na unyevu. Baada ya safari, hasa ya baharini, ioshwe ndani na nje kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kisha ikaushwe kivulini, penye upepo. Turubali likikunjwa lingali bichi hushika kuvu, likaoza kidogo kidogo, na mwenyewe hatajua mpaka litakapochanika akiwa majini. Ikiwa imetiwa mifukoni mbichi kwa kuwa safari imeishia mvuani, ifunguliwe tena mara tu afikapo nyumbani.

Mbao zitazamwe zote. Penye vanishi iliyochubuka maji huingia, na ubao huvimba na kuoza. Pasuguliwe kwa msasa laini, pakaushwe, papakwe vanishi mpya. Vyuma vifutwe, viungo vya mabomba vipakwe nta kidogo. Wako watu wanaoacha kayaki zao zimeungwa mwaka mzima ili wasipate taabu, na siku ya kuzifungua huona viungo vimeshikana kwa chumvi, havitoki. Ni heri kuifungua mara kwa mara.

Tundu la mpira huzibwa kama vile mpira wa baiskeli unavyozibwa. Mahali pakaushwe, pasuguliwe kwa msasa, papakwe gundi ya mpira pamoja na kiraka, ingojewe mpaka gundi iache kulowesha kidole, kisha kiraka kibonyezwe kwa nguvu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu la sindano leo ni mpasuko wa mkono mzima kesho. Na ikiwekwa ghalani, ikae juu, mbali na panya na mchwa, wala isikunjwe daima katika mistari ile ile.

KUITUMIA KWA SALAMA

Hata kama kayaki imeungwa na fundi hodari, mtu asiyejihadhari hataokolewa nayo. La kwanza ni koti la kuelea. Livaliwe na kufungwa kabla ya kuingia chomboni. Koti lililowekwa chini ya kiti halimfai mtu aliyekwisha kuangukia maji, na wajuao kuogelea nao hufa maji wakipatwa na uchovu, pigo la kichwa, au baridi. Katika mito ya Ulaya maji ya majira ya kuchipua huwa baridi sana ingawa jua lawaka, na kwa hiyo mtu huvaa nguo kwa kuyafikiria maji, si kwa kulifikiria jua.

La pili ni kujifunza kupinduka. Hili lifanywe mahali pa maji tulivu, na mwenziwe akisimama karibu. Wengi hufunika tundu la kuketia kwa kitambaa kinachobana kiunoni ili mawimbi yasiingie. Kitambaa hicho kina kishikio mbele, na kishikio kiwe nje daima, mahali mkono utakapokifikia gizani. Chombo kikipinduka, mtu huvuta kishikio, husukuma mbavu za chombo kwa mikono miwili, hutoka kwa kuteleza kama anayevua suruali. Kisha hushika chombo chake. Asikiache ili aogelee kwenda pwani, kwa maana pwani huonekana karibu kuliko ilivyo, na tena chombo huonekana na waokoaji upesi kuliko kichwa cha mtu. Akisha kukigeuza, hupanda akisaidiwa na mwenziwe, na kufua maji kwa upo au kopo lililofungwa kwa kamba.

La tatu ni kuijua nchi na maji yake. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mtu atakayetumia chombo cha namna hii katika Ziwa Viktoria na akumbuke kwamba dhoruba huko hutokea ghafula, basi asiende mbali na pwani, na aonapo mawingu meusi yakisimama arudi mara moja. Akumbuke pia kwamba maji ya kando yana kichocho. Katika ziwa Naivasha asipite kati ya kiboko na maji ya kina, wala asiwe majini alfajiri na magharibi karibu na malisho yao. Pwani, asitoke nje ya mwamba bila kujua saa za maji kujaa na kupwa, wala asidharau kusi. Na popote aendapo, amwambie mtu njia yake na saa ya kurudi.

Mabibi na Mabwana, wavuvi wazee hawangojewi wafundishwe mambo haya. Wao hutazama mbingu kabla ya kutazama samaki, na hukagua kamba kabla ya kupandisha tanga. Kayaki ya kukunja ni chombo kigeni, lakini sheria yake ni ile ile. Aliyehesabu vipande vyake pwani, na kukausha turubali lake, na kufunga koti lake, huenda akaonekana mwoga na mpole kupita kiasi. Lakini jioni, watoto wake watamwona akirudi na mifuko yake begani.