Maneno matano kwa siku

MTANGAZAJI: Leo naongea na nyinyi wadogo zangu mlioanza shule Kongo, kwa Kifaransa. Hapa Rwanda, mwaka 2008 serikali iliamua masomo yafundishwe kwa Kiingereza. Mimi nilinyamaza darasani miezi mizima, wenzangu wakadhani sijui kitu. Kumbe hesabu nilijua. Nilichokosa ni maneno.

Usitupe Kifaransa chako. Triangle, angle, photosynthèse: Kiingereza kinayaandika vilevile au karibu sawa, matamshi ndiyo yanabadilika. Ila mengine yanadanganya: librairie ya Kifaransa ni duka la vitabu, library ya Kiingereza ni maktaba.

Chukua daftari, ugawe ukurasa mara tatu: neno la Kiingereza, maana kwa Kiswahili au Kinyarwanda, na sentensi yako mwenyewe. Maneno matano kwa siku. Kwa wiki ni 35.

Mzazi, hata kama hujui Kiingereza, Jumapili shika daftari, soma maana ya Kiswahili, mtoto ataje neno.

Kunyamaza si ujinga, mdogo wangu. Kesho nyoosha mkono, hata kwa neno moja.