Miaka Mitatu ya Matumizi: Hisa na Fedha Taslimu katika Mafao ya Mstaafu



Tanzania imebishana sana kuhusu kikokotoo, ile kanuni inayogawa mafao ya mstaafu kati ya mkupuo na pensheni ya kila mwezi. Julai 2022 mafao ya mkupuo yalipowekwa kuwa asilimia 33, tulibishana. Mwaka 2024 serikali ilipoyapandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25, tukabishana tena. Na ilikuwa haki kubishana. Lakini swali linalofuata, la mstaafu kuufanyia nini mkupuo huo ukishaingia kwenye akaunti, tumewaachia watoa mada wa semina za wastaafu watarajiwa. Nao jibu lao ni moja kila mahali: hisa ni za vijana, mstaafu aweke fedha zake mahali ambapo hazitapungua.

Jibu hilo linasemwa kwa nia njema, na limewatia watu umaskini. Nakuja kulipinga.

Tofauti ya hisa, hatifungani na amana mnaijua, sitairudia. Nikitaja fedha taslimu nakusudia akaunti ya akiba, amana ya muda maalumu, dhamana za serikali zisizozidi mwaka, na vipande vya mifuko ya ukwasi. Yaani fedha unayoweza kuishika wiki hii bila kuuliza bei ya soko.

Inadaiwa kwamba fedha hiyo haipungui. Tuupime usemi huo Nairobi, maana kule soko la hisa lipo tangu 1954, ilhali letu la Dar es Salaam lilianza kuuza hisa Aprili 1998. Tena kumbukumbu za Nairobi zina misimu mibaya ya kila namna. Tuseme mtu alistaafu Kenya mwaka 1997 akiwa na shilingi milioni 1 za kule, akaziweka zote kwenye dhamana za hazina za siku 91, akiziwekeza upya kila zinapoiva. Mwaka ule dhamana hizo zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 20. Mzee wetu alikuwa na zaidi ya shilingi 200,000 za kula kwa mwaka, na jirani yake mwenye hisa alionekana mpumbavu. Kisha Desemba 2002 serikali ikabadilika, wakopaji wa maana wakawa wachache, benki kuu ikapunguza kiwango ambacho benki zinalazimika kukiweka kwake, na fedha zikajaa sokoni bila pa kwenda. Katikati ya 2003 dhamana zile zilikuwa zinalipa chini ya asilimia 2. Milioni yake ilikuwa pale pale, haijapungua hata senti. Alichokuwa akikipata cha kula kilikuwa chini ya shilingi 20,000 kwa mwaka, na hapo sijagusa kupanda kwa bei tangu 1997.

Hasara hiyo haikuandikwa popote. Hakuna gazeti lililoitangaza kama linavyotangaza hisa zinapoanguka. Mtoa mada wa semina angemtazama mzee huyu na kusema kwamba yuko salama.

Marehemu baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliniachia kitabu cha akiba cha benki ambacho ninacho hadi leo. Jalada lake limekuwa laini kama kitambaa. Ndani, kila mwaka karani ameongeza riba kwa wino wa bluu, kwa mwandiko ulionyooka, na kila mwaka jumla ni kubwa kuliko ya mwaka uliotangulia. Hakuna mstari hata mmoja unaoshuka. Fedha ile ilikuwa ya bati za nyumba. Kati ya 1984 na 1988 mfumuko wa bei nchini ulikuwa unazunguka asilimia 30 kwa mwaka, na alipokuja kuichukua ilitosha chini ya nusu ya paa. Baba hakumlaumu mtu. Aliniambia tu kwamba hesabu za benki zilikuwa sahihi, na alikuwa mkweli: zilikuwa sahihi mstari kwa mstari. Nimewahi kuwaonyesha wanafunzi wa shahada ya uzamili kitabu kile, nikawataka waoneshe penye hasara. Hawakuiona, maana hasara ilikuwa dukani kwa muuza bati.

Wapinzani wangu nao wana hoja nzito, na sitaificha. Fahirisi ya hisa 20 ya Nairobi ilipita 5,000 mwanzoni mwa 1994. Mwaka 2002 ilikuwa imeporomoka hadi karibu 1,000. Aliyestaafu Februari 1994 na kuweka kila kitu kwenye hisa alitazama mali yake ikipoteza kama sehemu nne za tano kwa miaka minane. Ukimwambia kwamba Januari 2007 fahirisi ilipita 6,000, atakuuliza, kwa haki kabisa, angekula nini katikati.

Swali hilo la kula nini katikati ndilo kiini cha mhadhara huu, na aliyelikabili vizuri kuliko wote ninaowajua ni William Bengen, katika makala yake ya Oktoba 1994 kwenye Journal of Financial Planning ya Marekani. Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu makala hii inatajwa na wengi na kusomwa na wachache. Bengen alisomea uhandisi wa vyombo vya anga MIT, akafanya kazi katika biashara ya familia yake ya kufunga soda, kisha akawa mshauri wa fedha wa watu wa kawaida huko California. Wenzake walikuwa wakitumia wastani: hisa hukua kiasi hiki kwa mwaka, basi mstaafu atumie kiasi hiki. Yeye aliukataa wastani. Alichukua kumbukumbu za Marekani tangu 1926, akamstaafisha mtu wa kubuni kila mwaka, mmoja 1926, mwingine 1927, na kuendelea, akamlisha kila mmoja kwa bei halisi za miaka iliyofuata ili aone fedha zinamwishia lini.

Watu hukumbuka tu kanuni yake ya asilimia 4: mwaka wa kwanza toa asilimia 4 ya mali yako, kisha kila mwaka ongeza kiasi hicho kulingana na mfumuko wa bei, nayo itadumu miaka 30. Mimi kinachonivutia zaidi ni jinsi alivyolinganisha mianguko mikubwa. Kati ya 1929 na 1931 hisa za Marekani zilipoteza asilimia 61. Mwaka 1973 na 1974 zilipoteza 37 hivi. Ungedhani mstaafu wa 1929 ndiye aliyeumia zaidi. Sivyo. Miaka ile ya mdororo bei za vitu nazo zilishuka kwa zaidi ya asilimia 15, kwa hiyo gharama za maisha nazo zilipungua. Miaka ya 1973 na 1974 bei zilipanda kwa asilimia 22, na mstaafu akalazimika kuuza hisa nyingi zaidi, kwa bei mbaya zaidi, ili apate mkate ule ule. Katika hesabu za Bengen, walioshindwa mapema ni waliostaafu muda mfupi kabla ya pigo hilo. Jambo lililowaua ni mfumuko uliokutana na soko lililoanguka wakati wao wamekwisha anza kuuza. Na baada ya kuyaona yote hayo, alishauri nini? Mstaafu awe na hisa kati ya asilimia 50 na 75 ya mali yake, na akaribie 75 kadiri anavyoweza kuvumilia.

Najua takwimu zile ni za nchi iliyobahatika. Wade Pfau alizipima nchi 17 zilizoendelea mwaka 2010, na katika nyingi asilimia 4 haikufua dafu. Kwa hiyo siileti asilimia hiyo Mwanza wala Mombasa. Ninacholeta ni njia yake ya kuuliza.

Tuulize kwa shilingi zetu. Asha na Rehema wamestaafu siku moja, kila mmoja ana milioni 60, na juu ya pensheni kila mmoja anahitaji milioni 4 kwa mwaka. Asha ananunua hisa 60,000 kwa shilingi 1,000 kila moja. Rehema anaweka milioni 12 taslimu na kununua hisa 48,000. Tuache gawio kwa sasa. Bei inaanguka hadi 500 na kukaa hapo miaka mitatu. Asha anauza hisa 8,000 kila mwaka. Mwisho wa mwaka wa tatu amebaki na 36,000. Rehema anakula taslimu yake na hauzi hata moja. Bei ikirudi 1,000, Asha ana milioni 36 na Rehema ana milioni 48. Wamekula sawasawa, wamepigwa na soko lile lile, na wametofautiana kwa milioni 12.

Kazi ya fedha taslimu ni hiyo. Ni ghala la chakula cha msimu mbaya, na ghala hupimwa kwa miezi ya kula. Umri wa mwenye nyumba hauwezi kukupa kipimo chake. Ndiyo maana siikubali ile kanuni ya kutoa umri wako kwenye 100 na kuweka kinachobaki kwenye hisa. Inamjua mstaafu kwa mwaka wake wa kuzaliwa tu. Haijui kama ana pensheni, kama anajenga, kama analea wajukuu, au kama mke wake ni mdogo kwake kwa miaka kumi na atamwacha akiihitaji fedha ile hadi afikishe miaka 90.

Pensheni yenyewe haihesabiwi, na hili linanisikitisha. Mtumishi aliyepewa asilimia 33 kwa mkupuo ameachiwa 67 zinazokuja kila mwezi. Kwa tabia yake, sehemu hiyo ni hatifungani ya maisha: inalipa kwa uhakika, na haipandi yenyewe kila bei zinapopanda. Akiuchukua na mkupuo wake akaufungia kwenye amana, uzee wake wote umesimama juu ya shilingi zisizokua. Huo si uangalifu. Ameweka dau zima kwamba bei hazitapanda kwa miaka 25.

Mwenzangu mmoja wa idara ya takwimu ameniuliza: kwa nini hisa hata kidogo, wakati Aprili 2021 serikali ilitoa hatifungani ya miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95? Ni swali zuri. Mfumuko wa bei ulikuwa kati ya asilimia 3 na 4, na aliyeinunua alipata kitu ambacho hisa nyingi za Dar es Salaam hazikukitoa. Ningempongeza. Lakini mwaka uliofuata hatifungani mpya ya muda huo huo ilitoka kwa asilimia 12.56, na aliyestaafu 2022 hakuwa na kosa lolote kuzidi aliyestaafu 2021. Tena asilimia 15.95 ya mwaka 2046 italipwa kwa shilingi ya 2046. Hatifungani iwe katikati, kati ya ghala na hisa. Sikatai hata ikichukua theluthi ya mkupuo. Hata hivyo nimeyapima yote haya, pamoja na ile miaka minane ya Nairobi, na bado nashikilia kwamba nusu ya kinachobaki baada ya ghala iwe hisa, hadi mwisho wa maisha.

Hisa nyingi, si moja. Safaricom iliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 za Kenya mwaka 2008, ikashuka chini ya 3 mapema 2009, ikapita 40 mwaka 2021, ikarudi chini ya 15 mwaka 2023. Kampuni nzuri kabisa, lakini si uzee wa mtu mmoja. Asiyeweza kuchagua anunue vipande vya mfuko wa pamoja.

Kwa hiyo watoa mada wamuulize mstaafu kwanza: juu ya pensheni, unatumia kiasi gani kwa mwaka? Wazidishe kwa tatu. Hiyo ndiyo taslimu yake, na isizidi hapo. Mwaka ambao hisa zimepanda, auze kidogo na kulijaza ghala. Mwaka ambao zimeanguka, ale ghalani, na gawio linaloingia alirudishe huko huko, maana gawio hulipwa kwa idadi ya hisa hata bei ikiwa imelala. Na soko likiendelea kulala hadi mwaka wa nne, ale riba ya hatifungani, kisha hatifungani zinazoiva, na hisa aziguse mwisho kabisa.