Mtoto Mchanga Akikosa Choo: Tazama Ugumu, Usihesabu Siku

(Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia katika siku ya mafunzo ya afya ya mama na mtoto)

Nafurahi kuona mashosho wameketi hapa mbele, maana neno la leo linawahusu sana. Katika nyumba nyingi mtoto akilia usiku anayeitwa kwanza ni shosho, si nesi.

Mliomba tuzungumze juu ya mtoto mchanga ambaye hapati choo. Ni jambo la aibu kidogo kulitaja mbele ya watu, lakini tukilinyamazia tutaendelea kumtia mtoto vitu ambavyo mwili wake hauviwezi. Kwa hivyo leo tutasema choo, choo, choo, na mwenye kucheka acheke.

Mama akiniambia mtoto wake amefunga choo, simwulizi kwanza ni siku ngapi. Namwuliza choo kikitoka kiko namna gani. Ni laini kama uji, au ni vigoroli vikavu kama vya mbuzi? Hapo ndipo kuna tofauti. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake, akishapita wiki sita hivi, anaweza kukaa siku tatu, siku tano, hata wiki nzima bila choo na asiwe mgonjwa. Maziwa ya mama yanatumika mwilini karibu yote, na takataka inayobaki ni kidogo. Ikiwa choo kikija ni laini, mtoto ananyonya vizuri, anakojoa, tumbo lake ni laini, na uzito unapanda katika kijitabu cha kliniki, huyo hakufunga choo. Mwacheni.

Hayo siyasemi kwa mtoto wa wiki mbili. Huyo mdogo kabisa tunatarajia apate choo kila siku, mara nyingi zaidi ya mara moja. Choo cha kwanza ni cheusi, kinanata kama lami. Baadaye kinakuwa kama kijani, na kufika siku ya tano hivi kinakuwa cha manjano. Kama choo cha mtoto wa umri huo ni kidogo sana, na nepi hazilowi angalau mara sita kwa usiku na mchana, pengine hapati maziwa ya kutosha. Apelekwe kliniki apimwe uzito, na nesi aangalie jinsi anavyoshika titi. Shida hapo ni ya kunyonya, na dawa ya choo haitaiondoa.

Kuna jambo lingine linalotutisha bure. Mtoto anakunja miguu, uso unakuwa mwekundu, anaguna na kulia dakika kumi au zaidi, halafu kinatoka choo laini kabisa. Watu wanasema, "Maskini, amefunga." La, hajafunga. Kutoa choo ni kazi ya mambo mawili kwa pamoja: kusukuma kwa tumbo na kulegeza huku chini. Mtoto bado hajajua kuyaunganisha. Tena anafanya kazi hiyo akiwa amelala chali. Hebu jaribuni nyinyi! Atajifunza mwenyewe kadiri anavyokua. Ukimchokoa kila mara ili choo kitoke, unamchelewesha kujifunza.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yanavyoharibika, maana nimeona mwendo huu katika nyumba nyingi. Mtoto ana miezi miwili, ananyonya, hana shida. Siku ya nne bila choo mtu anasema apewe maji ya sukari. Tumbo dogo linajaa maji, ananyonya kidogo. Titi lisiponyonywa, maziwa yanapungua. Baada ya wiki moja inasemekana ati mama hana maziwa. Baba anatoa pesa, mkebe unanunuliwa, au yanachemshwa maziwa ya ng'ombe, na mwingine anaongeza uji kidogo. Sasa choo kinakuwa kigumu kweli, mtoto analia kwa uchungu, na sabuni inatafutwa. Tulianza na mtoto mzima, tukajitengenezea mgonjwa wenyewe.

Choo kigumu kwa mtoto aliye chini ya miezi sita mara nyingi huja na vile vitu vingine anavyopewa. Maziwa ya ng'ombe si chakula cha mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Yanaweza kufanya choo kiwe kigumu, na yanaweza kumtoa damu kidogo kidogo tumboni bila ninyi kuona, akapungukiwa damu. Uji usubiri miezi sita. Kama kuna sababu ya kweli ya kutumia maziwa ya mkebe, soma maandishi ya mkebe huo na utumie kijiko kilichomo ndani. Pima maji yaliyochemshwa kwanza, kisha weka unga, kila kijiko kikiwa kimesawazishwa kwa kisu. Kuna mama anayejaza kijiko kikawa mlima, akidhani anampenda mtoto. Maziwa mazito yanakausha choo. Na anayeyapunguza ili mkebe ufike mwisho wa mwezi, mtoto wake anakonda. Mkebe ni ghali jameni. Kabla ya kuununua, mweke mtoto kwenye titi mara nyingi zaidi, mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku pia. Mara nyingi maziwa hurudi.

Mama anayerudi kazini baada ya miezi mitatu ya likizo ya uzazi akamue maziwa yake katika chombo safi chenye kifuniko, na anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe. Si lazima maziwa ya ng'ombe yaingie siku hiyo.

Tufanye nini basi, choo kikiwa kigumu? Nawa mikono, uipashe joto. Mlaze mtoto chali wakati hajatoka kunyonya sasa hivi. Paka mafuta kidogo mkononi, ukande tumbo polepole kuzunguka kitovu, ukifuata njia ya mishale ya saa. Kisha shika miguu uizungushe kama anayeendesha baisikeli, halafu sukuma magoti taratibu kuelekea tumboni. Dakika chache zatosha. Maji ya kuoga yenye uvuguvugu pia humlegeza. Kisha mnyonyeshe. Ikiwa bado choo ni kigumu, mpeleke zahanati. Zipo dawa za watoto, lakini kipimo chake kinatolewa na anayejua. Vidonge vya babu vya kulainisha choo visikatwe nusu apewe mtoto.

Aliyepita miezi sita ameanza kula, na kwake kazi ni rahisi. Mpe papai, embe, parachichi, malenge na mboga zilizopondwa, na maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kikombe. Wengi wa hao tatizo lao ni ndizi na viazi vya kuponda kila siku bila mboga wala tunda. Titi liendelee.

Sasa nisemeni mkitaka, lakini hili nitalitaja wazi. Kipande cha sabuni kilichochongwa kisiingizwe kwa mtoto. Sabuni inachoma ngozi laini ya ndani. Lile bomba la mpira nalo tuliache kabisa. Utumbo wa mtoto ni mwembamba na unaweza kutoboka. Maji yanayoingizwa yanavuruga chumvi ya damu, na kama yana dawa za miti, figo na ini vinaweza kuumia. Mafuta ya mbarika yanamharisha mtoto mpaka anakauka. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja hata tone la kulamba, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli. Na ajabu ni kwamba sumu hiyo huanza kwa kufunga choo! Maji ya sukari na chumvi hayatibu choo kigumu, wala ile dawa ya tumbo ya chupa inayouzwa kila duka. Inajaza tumbo tu.

Mama kijana ananiuliza, "Nitamwambiaje mama mkwe?" Usimwambie amekosea. Alilea watoto wake kwa alichokuwa nacho, na zahanati ilikuwa mbali. Mwambie, "Mama, naomba tungoje mpaka asubuhi twende naye kwa nesi, nawe usikie mwenyewe." Mpe mtoto amkande tumbo, mikono ya shosho inajua kukanda kuliko yangu. Nanyi akina baba, nauli ya kwenda kliniki haitafutwi siku ya ugonjwa.

Kuna dalili ambazo hazingojei kukanda wala asubuhi. Mtoto aliyezaliwa akapita siku moja bila choo cha kwanza, nesi aambiwe. Zikifika mbili, ni hospitali. Aliyezaliwa nyumbani aangaliwe siku hiyo hiyo kama ana tundu la haja kubwa, maana wengine huzaliwa bila. Akitapika kitu cha kijani, tumbo likivimba na kukaza, choo kikiwa na damu au kama jeli nyekundu, akikataa kunyonya, akilegea, akiwa na homa, nendeni usiku huo huo. Kuna watoto wanaozaliwa na sehemu ya mwisho ya utumbo isiyo na mishipa ya fahamu, kwa hiyo haisukumi choo. Daktari wa Denmark, Harald Hirschsprung, alieleza ugonjwa huo mwaka 1886, na unaitwa kwa jina lake. Hutibiwa kwa upasuaji. Mtoto wa namna hii akipigwa bomba nyumbani kila wiki, choo kinatoka kidogo, watu wanaridhika, na ugonjwa unaendelea kufichika. Pia yule anayelala mno, sauti ya kilio ni nzito, ngozi baridi, na macho yalibaki manjano wiki nyingi, apimwe tezi ya shingo. Dawa ikichelewa, akili yake inaumia.

La mwisho ni la vikundi. Tunapokwenda kumwona mtoto, tunabeba mkebe wa maziwa, chupa ya dawa ya tumbo, na ushauri mwingi. Napendekeza kikundi kibebe unga, maharagwe, mboga na kuni, wawili wafue nepi na mmoja achote maji, ili mama apate kukaa na kunyonyesha. Wenyeviti waliandike katika daftari la mikutano kama wanakubali.

Tupumzike tunywe chai. Wenye watoto chini ya mwaka mmoja, pamoja na mashosho, tubaki katika chumba kidogo. Kuna mwanasesere na mafuta, kila mmoja atakanda akiangaliwa na nesi. Kadi na vijitabu vya kliniki mje navyo, tusome uzito.