Uhuru, Ubepari, Mazingira: Maneno Matatu na Mfuko Mmoja



Neno uhuru tulilipokea kutoka Kiarabu, na kwanza lilimtofautisha mtu na mtumwa. Ubepari una asili ya Kigujarati: bepari alikuwa mfanyabiashara, mtu mwenye duka na uso. Azimio la Arusha la 1967 liliutaja ubepari pamoja na ukabaila, ukawa jina la mfumo. Lakini masikioni mwetu, nachelea, bado tunamsikia yule mwenye duka. Mazingira ni letu wenyewe, latokana na kuzingira, yaani kuzunguka pande zote. Nani anayezungukwa? Ni sisi. Neno lenyewe limetuketisha katikati.

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, ile tuliyoizoea kwa jina la rambo. Mtengenezaji aliwekewa adhabu kubwa. Mbebaji naye, faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7. Mitaro ilipumua, sikatai, nami niliunga mkono. Hata hivyo, kanuni zilezile ziliruhusu vifungashio vya plastiki vya bidhaa za viwandani. Basi mama ntilie akakosa mfuko wa kumfungia mteja chapati, na biskuti zikaendelea kutoka kiwandani zimevikwa plastiki.

Wapo wanafunzi wanaoniambia kwamba marufuku ile iliwapokonya uhuru. Nikiwauliza uhuru wa kufanya nini, hujibu: wa kubeba. Hajatokea hata mmoja aliyetaja uhuru wa kuamua kitakachozalishwa.