Kisumu: Mji Uliozaliwa kwa Kubadilishana

Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu letu



Nimeombwa nizungumze juu ya kuasisiwa kwa Kisumu, makao makuu ya kaunti yetu. Vitabu vingi huanza habari hii Desemba 1901, reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipofika ufukweni mwa ziwa. Kituo hicho cha mwisho kikaitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mkewe Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa reli. Jina hilo halikudumu. Lililodumu ni la wenyeji. Katika Dholuo, kwenda kisuma ni kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana vitu, hasa wakati wa njaa. Mwenye samaki alirudi kwao na nafaka, na mwenye nafaka alirudi na samaki. Reli basi haikuanzisha soko hapa, ililikuta.

Waingereza walikuwa wakiitazama Uganda, na ziwa ndilo lililokuwa njia yao. Meli ya William Mackinnon iliunganishwa papa hapa, vipande kwa vipande, ikashushwa majini mwaka 1900, kabla reli haijafika. Hadi mwaka 1902 eneo letu lenyewe lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Tangu hapo shehena za Uganda zilivuka ziwa kwa meli, zikapakiwa katika mabehewa Kisumu na kushuka pwani. Bandari ikaleta bohari, bohari zikaleta makarani na wapagazi, na hao wakahitaji maduka.

Hapa ndipo wazee wetu wanapoingia. Watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga reli, wengi wao wakiwa Wapunjabi. Karibu 2,500 walifia kazini. Wengi wa waliosalimika walirudi makwao. Waliobaki hawakufika 7,000. Wengi wa wenye maduka walikuja kwa safari nyingine: walitoka Gujarat na Kutch, wakaifuata reli kwa nauli zao wenyewe. Allidina Visram, Mwismaili wa Kutch, alikuwa na maduka kando ya njia hiyo hadi Uganda. Wengine walishika jembe huko Kibos, na miaka ya 1920 kiwanda cha sukari kikasimama Miwani. Tusisahau kwamba hakuna duka lililosimama kwa nguvu za mwenye duka peke yake. Kulikuwa na mkulima aliyeleta ufuta na ngozi, na mpagazi aliyebeba gunia.

Ndugu zangu, ukweli una upande mwingine. Serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa rangi: Wazungu walikaa mlimani penye upepo, Wahindi wakakaa karibu na bazaa, na Mwafrika, mwenye ardhi, akawekwa pembeni. Nyalenda na Manyatta zilikua nje ya mpaka wa mji, bila mabomba wala barabara za maana. Ukuta huo haukujengwa na wazee wetu, lakini waliishi upande wake wenye kivuli. Sheria ile imekufa. Mazoea yake hayajafa yote.

Mwanzoni mwa mwaka 2008 tuliona gharama yake. Maduka ya mji huu yaliporwa na kuchomwa, na katika siku zizo hizo majirani zetu walizika vijana waliopigwa risasi. Kila upande ulilia nyumbani kwake. Ni wachache waliovuka barabara kwenda kutoa pole.

Mwaka 2017 serikali ilitutambua rasmi kuwa kabila la 44 la Kenya. Tunaishukuru. Lakini tangazo la serikali halimfanyi mtu kuwa jirani. Ujirani hujengwa kwa kisuma: kutoa na kupokea, hasa wakati wa shida. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mji huu mgeni naye alipona, kwa kuwa mwenyeji alimpokea.

Kwa hiyo naleta maombi mawili mbele ya halmashauri. La kwanza, siku za sikukuu, milango ya jikoni letu ifunguliwe kwa mitaa yote ya jirani, na chakula kigawiwe bila kumwuliza mtu jina lake. La pili, vijana wetu na vijana wa majirani waketi pamoja na wazee wa pande zote mbili, waandike kumbukumbu za mji huu kwa Dholuo, Kigujarati, Kipunjabi na Kiswahili, kabla wazee hao hawajatutoka. Wengi wa watoto wetu wanahamia ng'ambo. Wakienda, na wajue wametoka mji gani na uliasisiwa na nani.

Mwenyezi Mungu aubariki mji huu na wote waishio ndani yake.